Nani Aibe Maksai?

Jiwe la kwanza lilipiga paa la bati la kituo wakati Inspekta Uranchimeg anamimina chai. Chai ya maziwa na chumvi, ya moto kabisa, na nusu yake ikamwagikia mezani. La pili likagonga fremu ya dirisha. Kioo kilipona, ila Puntsag, askari wake, alikuwa tayari yuko chini ya meza, yeye na kofia yake.

"Toka huko wewe. Wanarusha mawe, si mabomu."

"Nimedondosha kalamu, afande."

"Kalamu iko sikioni kwako."

Nje, ndugu zake mzee Gombosuren walikuwa wamekizunguka kituo kwa pikipiki, injini zinanguruma, na kila mmoja ameshika mti mrefu wenye kitanzi cha kunasia farasi. Leo hawakuja kunasa farasi. Walimtaka mtu aliyekuwa selo, Shagdar, mwizi wa Hongor. Au ndivyo wilaya nzima ilivyokuwa inasema, kwenye kila hema na kila simu.

Na Hongor si farasi wa kuibiwa watu wakanyamaza! Ni maksai wa mzee Gombosuren, wa rangi ya asali, alihasiwa angali mdogo, na mwaka jana aliwachapa maksai wote kwenye mbio za sikukuu ya Naadam, akafika mstarini vumbi la wenzake halijatokeza hata mlimani. Sasa Naadam nyingine iko mlangoni na Hongor hayupo. Kamba imekatwa. Pale alipofungwa imeokotwa hatamu, na hatamu ni ya Shagdar. Shagdar ndiye aliyekuwa wa pili mwaka jana. Na Shagdar huyohuyo, akiwa amelewa, aliandika kwenye kundi la simu la wafugaji: "Mwaka huu Hongor hamtamwona."

Kesi imekwisha, si ndiyo? Kila mtu alisema imekwisha.

"Gari la mwendesha mashtaka limeshatoka mkoani," Puntsag alisema, akijipangusa magoti. "Jioni wanamchukua. Akishafika kule, afande, atatoka theluji ikiwa imeshaanguka."

"Kama atafika," Uranchimeg alisema, akitazama pikipiki dirishani.

Akaingia selo na kikombe cha chai iliyobaki. Shagdar alikuwa amekaa sakafuni, viatu havina kamba, macho mekundu.

"Hatamu yako imefikaje pale?"

"Niliisahau kisimani, dada. Kisima kile wilaya nzima inanywesha. Yeyote angeiokota."

"Na uliyoandika kwenye simu?"

"Pombe hiyo. Nilitaka kusema farasi wangu yuko mbele, Hongor watamwona nyuma. Vidole vikaandika ujinga." Akapokea chai, hakuinywa. "Sasa na mimi nikuulize. Nimwibe, halafu? Nimpeleke mbioni? Hata watoto wachanga wanamjua. Nimuuze? Nani anunue sura ile? Angekuwa dume, sawa, ningekuelewa. Dume unamficha mlimani na majike yako, anakuzalishia, unakula matunda miaka yote. Lakini maksai! Maksai hana mtoto, hana mjukuu. Siku akifa, mbio zake zimekufa naye. Ukimwiba umeiba miguu minne na mkia."

"Labda ulimchinja. Kwa wivu."

Shagdar alisimama ghafla mpaka chai ikamwagika mara ya pili siku hiyo.

"Yule farasi alimpita wangu mimi nikiwa natazama kwa darubini, nikalia. Unajua nililia nini? Alivyopendeza! Nimchinje? Nipeleke mkoani, dada, lakini hilo usiliseme tena."

Uranchimeg hakulisema tena. Alirudi mezani, akaifuta chai iliyomwagika. Swali la Shagdar lilikuwa limemkaa kichwani. Nani aibe maksai?

Akatoa simu. Akashuka kwenye lile kundi la wafugaji, chini, chini zaidi, akipita matusi, akipita picha za watoto na bei za sufu, mpaka majira ya kuchipua. Kulikuwa na video ya mkwe wa Gombosuren: mbuzi anampiga pembe mtoto wa mbwa pale kisimani, mbwa anabiringika, watu wanacheka. Kila mtu aliiona hiyo. Kila mtu alimtazama mbwa.

Yeye safari hii alitazama nyuma ya mbwa.

"Puntsag. Njoo. Huyu wa asali hapa nyuma ni nani?"

"Hongor huyo."

"Anafanya nini?"

Kwenye kioo kidogo cha simu, Hongor alisogelea kinyesi cha farasi jike. Akakinusa. Akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu mpaka meno yote nje, kama mtu aliyeonja limau. Halafu akageuka, akakojolea palepale.

Puntsag alikuna shingo. "Ya dume hayo. Ila maksai wengine wana mazoea, afande. Mjomba wangu alikuwa na mmoja, kila jike anamfuata, anamlilia tu kama..."

"Alihasiwa na umri gani, huyo wa mjomba wako?"

"Mkubwa. Alishakuwa dume kamili."

"Basi yule alikuwa anakumbuka. Hongor alihasiwa mtoto, hajawahi kujua kitu. Anakumbuka nini?"

Puntsag akairudisha video mwanzo, akamtazama Hongor tena.

"Nani alimhasi?"

"Choidog. Wilaya hii nani mwingine?"

Walipotoka, kelele zikapanda. Uranchimeg alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akasubiri mpaka wakachoka kupiga honi.

"Atakayerusha jiwe jingine nachukua pikipiki yake, na atarudi malishoni kwa miguu. Nani anaanza?"

Hakuanza mtu. Gombosuren mwenyewe alikuwa kando, kachuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, mtu mfupi wa mabega mapana, na medali ya mkufunzi wa farasi imening'inia kwenye joho lake. Hakuwa na jiwe. Wala hakuwa anawazuia wenye mawe.

"Mzee Gombosuren, Hongor aliwahi kukusumbua kwa majike?"

Mzee alitazama medali, akatazama barabara.

"Maksai ni maksai," akasema.

Jibu fupi. Lakini lilichukua muda mrefu sana kutoka.

Choidog walimkuta nyuma ya hema lake amemkalia kondoo, anamkata manyoya kwa mkasi mkubwa. Akatoa chupa yake ya tumbaku ya kunusa, Uranchimeg akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, akairudisha. Heshima kwanza. Mtu aliyeulizwa bila heshima huwa hasemi kitu.

"Mzee Choidog, Hongor ulimhasi wewe?"

"Mimi. Wilaya hii kila kinachotembea bila kende ni kazi ya mkono wangu." Akamtupia jicho Puntsag. "Ukiacha huyu askari wako. Huyo sijui nani alimfanyia."

"Mzee!" Puntsag akasema.

"Natania, mwanangu. Sauti yako tu ndiyo inanichanganya."

Uranchimeg alicheka nao, halafu akasema polepole, kama kitu kisicho na uzito, "Mwaka huu kuna daktari wa mifugo anakuja Naadam. Atawatoa damu farasi wote."

Uongo mtupu. Hakukuwa na daktari yeyote.

"Damu ya nini?"

"Inasema kama kuna kende lililobaki tumboni."

Mkasi ukasimama. Kondoo akahisi mkono umelegea, akainuka na manyoya upande mmoja tu, akakimbia hivyohivyo, nusu uchi, na Choidog hakumfuata.

"Mzee?"

"La kushoto lilikuwepo," Choidog alisema, sauti imeshuka chini kabisa. "La kulia nililitafuta mpaka vidole vikafa ganzi. Halikuwa limeshuka. Liko huko juu tumboni, na tumbo nikilipasua namuua mtoto wa watu. Mke wa Gombosuren amesimama na ndoo ya maziwa anasubiri yote mawili. Wageni wamejaa. Kaka wa Gombosuren anacheka anasema mkono wa Choidog haujawahi kubahatisha. Ningesemaje?"

"Ulifanyaje?"

"Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kuhasi kwa watu wengine. Walinipa fungu langu, nilikuwa nalo kifuani, ndani ya joho. Nikachomoa moja. Nikalitumbukiza ndooni."

Puntsag alishika mdomo. "Wakalila?"

"Wakalichoma kwenye majivu, wakalila, wakaomba baraka ya farasi wao. Gombosuren alisifia utamu." Mzee akafunika uso kwa kofia. "Na baraka ikaja, unaona. Ndipo nikanyamaza kabisa. Bingwa! Nani aende kumwambia mtu bingwa wa maksai ni dume nusu?"

"Ulimwambia mtu. Nani?"

Kondoo nusu uchi alilia mbali kule.

"Mzee, kuna kijana anapelekwa mkoani jioni hii kwa sababu wilaya nzima inaamini Hongor ni maksai. Ulimwambia nani?"

"Yadmaa," Choidog alisema ndani ya kofia. "Wakati wa baridi, tukinywa. Alikuwa analia. Yule dume wake mweusi, ambaye watu wanatoka mji mkuu kuja kununua watoto wake, amekauka. Anapanda, majike hayashiki mimba. Nikamwambia usilie, dume bora wa wilaya hii yuko, tena anaitwa maksai. Nilikuwa namtia moyo tu!"

"Ingia garini, mzee. Puntsag, mpigie Gombosuren. Aje bondeni kwa Yadmaa. Peke yake, mwambie. Nikiona pikipiki ya pili nawafunga wote."

Yadmaa aliwapokea kwa tabasamu. Mtu mkubwa, miwani myeusi, gari jeupe linang'aa mbele ya hema, na bakuli za maziwa ya farasi yaliyochachuka zikatoka kabla hawajakaa. Alipomwona Choidog anashuka garini, tabasamu lilibaki ila mashavu yalishuka.

"Hongor? Kwangu? Dada Inspekta, maksai wangu wale pale kambani. Kagueni mpaka kwato."

Puntsag alikagua mpaka kwato. Hakuna. Akarudi anatikisa kichwa. Choidog akashusha pumzi, na Yadmaa akaongeza maziwa kwenye bakuli.

Lakini Uranchimeg hakuwa anatazama maksai. Alikuwa anamtazama yule dume mweusi. Alisimama peke yake mbali huko, singa zake ndefu zinafagia magoti, maana dume hakatwi singa. Na shingoni, chini ya singa zile, kulikuwa na vidonda. Meno. Vibichi, vingine bado vinatoa maji. Majike yake yote yalikuwa upande mwingine kabisa wa bonde, yamejikusanya, na masikio yote yameelekea kwenye korongo nyuma ya kilima.

"Dume wako anaumwa?"

"Anapumzika."

"Juni? Dume gani anapumzika mwezi wa Juni?"

Yadmaa alicheka, ila peke yake.

Uranchimeg aliinuka, akachukua mti wa kitanzi uliosimamishwa nje ya hema, akamfungua farasi wa Yadmaa aliyekuwa na tandiko, akapanda.

"Dada, huyo si farasi wa mwanamke!"

Alishaondoka. Aliyazunguka majike kwa kasi, akamchagua mmoja wa kijivu pembeni, akamchomoa kwenye kundi, akaanza kumsukuma bondeni, kwa yule dume mweusi. Jike akalia. Dume mweusi, mwenye mali, mwenye jina, aliinua kichwa, akatazama korongoni, akarudi nyuma.

Anaogopa! Anamwogopa nani?

Jibu lilitoka nyuma ya kilima. Ulikuwa mlio wa farasi aliyekasirika, mlio wa kupasua masikio, halafu mbao zikavunjika, kwa! kwa! Na Yadmaa akaweka bakuli chini.

Akatokea juu ya kilima, rangi ya asali, anaburuta kipande cha nguzo kwa kamba. Singa zake zimekatwa fupi, zimesimama kama za maksai yeyote. Lakini kichwa kilikuwa chini, kinakaribia kugusa majani, masikio yamelala, shingo inacheza kama nyoka. Maksai hakimbii hivyo. Hivyo anakimbia dume anayekwenda kuchukua mali yake. Alipita mbele ya Uranchimeg karibu kabisa, farasi wake akasimama kwa miguu ya nyuma nusura amwangushe, na yule wa asali akamgeuza jike wa kijivu kwa meno, akamrudisha kundini mbio. Kisha akamgeukia mweusi. Mweusi hakusubiri. Alitimka.

"Mama yangu," Puntsag akasema.

Walimnasa kwa shida, Puntsag na wachungaji wa Yadmaa, baada ya kumkimbiza bonde zima. Alisimama anatetemeka, ameloa jasho masikio mpaka kwato. Kwenye paja la kushoto, mahali pa chapa ya mwenyewe, palikuwa na kovu bichi la moto. Chapa imefutwa.

"Wangu huyo," Yadmaa alisema. Alikuwa ameshajikusanya. "Nilimnunua kusini. Alihasiwa vibaya, basi nikamwacha afanye kazi. Farasi wangu, moto wangu, chapa nabadilisha nikitaka."

"Mzee Choidog?"

Choidog alitazama miwani ile myeusi. "Wa asali wako wengi," akanong'ona. "Mimi nilimshika mtoto. Siwezi kuapa."

Basi imebaki kwa mtu mmoja tu. Na huyo alikuwa anashuka kilima kwa pikipiki yake ya zamani, polepole, kama mtu asiyetaka kufika.

Uranchimeg alimfuata kabla hajazima injini.

"Mzee, nakuambia kabla hujamtazama, usije ukasema nilikutega. Choidog alikosea. Hongor hakuhasiwa kamili. Ukisema huyu ni wako, Shagdar analala kwake leo. Na kamati itauchukua ubingwa, maana mbio zile ni za maksai na huyu si maksai. Medali hiyo pia."

"Nikisema si wangu?"

"Gari la mkoa halitarudi tupu."

Yadmaa alikuwa ameshasogea, sauti laini. "Kaka Gombosuren, wasikuchanganye. Hongor wako ni maksai, nchi nzima ilimwona akishinda. Huyu ni dume. Umemwona anavyokimbiza majike? Utajivunjia jina kwa farasi wa mtu mwingine?"

Hebu fikiria! Mwizi anampa mwenye mali njia ya kutokea, na njia yenyewe ni safi, imepigwa deki. Neno moja tu.

Gombosuren alitembea mpaka kwa farasi. Alimtazama usoni. Alimtazama miguuni. Alilitazama kovu la moto muda mrefu.

"Si wangu," akasema.

Puntsag alitukana kwa sauti ya chini. Uranchimeg alitazama barabara ya mkoani, na huko mbali, kweli, kulikuwa na vumbi la gari.

Upepo ukageuka. Ulitoka milimani, kwenye barafu, baridi kali ile ya kukata masikio hata kiangazi. Farasi alitetemeka ngozi nzima.

Na Gombosuren akaingiza mkono mshipini, akachomoa ubao mwembamba, mrefu, uliolainika kwa kushikwa, akauweka nyuma ya sikio la farasi, akaushusha shingoni. Jasho likamwagika chini. Akarudia. Shingo, bega, kifua. Alifanya hivyo macho yako mbali, kama mtu anayejikuna.

Wachungaji wa Yadmaa walitazama chini kwa aibu, kama waliomwona mtu akioga. Kwa sababu jasho la farasi wa mbio halikwanguliwi na mtu baki. Mkufunzi analikwangua mwenyewe, analitazama, analionja hata, humo ndimo anamosoma siri yote ya mnyama wake, na kumgusia mwenzio jasho la farasi wake ni ugomvi ambao watoto wanaurithi. Hata Choidog, aliyelisha watu kende la jirani, asingethubutu.

Yadmaa alivua miwani.

Ndipo Gombosuren akaona wanavyomtazama. Mkono ukasimama, ubao uko begani pa farasi. Angeweza bado kuurudisha mshipini. Angesema nimemhurumia tu, baridi hii. Uranchimeg aliona kabisa akiliwaza hilo, aliona taya linavyosogea.

"Nilijua tangu majira ya kuchipua," Gombosuren alisema. "Nilimwona na jike wa jirani. Nikaenda ndani nikajilaza."

"Mzee..."

"Nipe simu."

Uranchimeg alipiga kituoni, akamwambia askari wa zamu atoke nje ampe simu kaka yake Gombosuren. Pikipiki zilisikika simuni zinanguruma mpaka bondeni. Mzee aliibana simu kwa bega, maana mikono yote ilikuwa na kazi.

"Zimeni hizo," akasema. "Shagdar anatoka. Mpisheni njia, na mmoja wenu ampeleke kwake... Hapana. Nyamaza. Nimesema ampeleke kwake, asitembee. Hongor nimempata." Akasikiliza kidogo. "Hapana, mwaka huu hakimbii."

Akamrudishia Uranchimeg simu. Injini moja baada ya nyingine zilikuwa zinazimika huko ndani yake, mpaka ikabaki kimya. Puntsag alikuwa ameshamshika Yadmaa mkono. Gombosuren hakuwatazama. Alimaliza upande wa kushoto, akazunguka mbele ya farasi, akaanza wa kulia.